Jinsi Misheni ya Mipaka Yote Ilivyopata Makao Makuu

Nyinyi wote mmeniuliza kitu moja: Achieng', ulipotelea wapi wiki mbili, na hiyo picha ya Bishop ameshika nguzo kama mtu ameshika nyoka ni ya nini? Nimejaribu kueleza kwa simu nikashindwa, kwa sababu kila mtu anataka mwisho kabla ya mwanzo. Sasa nimeandika. Anayetaka kuruka aruke, lakini asinipigie tena kuuliza huyo mzungu alitoka wapi.

Mambo ya vibali, stempu za mpakani na nani alijaza mafuta nimeacha. Hakuna mtu ameokoka kwa kusoma hizo.

MIGORI, AMBAKO HATUKUTOKA

Tulikuwa tutoke saa moja asubuhi. Saa moja mimi nilikuwa kwa mlango ya Bishop na begi mgongoni. Saa tano bado nilikuwa hapo hapo, begi imerudi chini, na Bishop anapaka viatu yake rangi mara ya pili.

Bishop ni baba yangu mdogo, ndugu ya marehemu baba. Ndiye mwanzilishi na mwangalizi mkuu wa Misheni ya Mipaka Yote, shirika la kupeleka injili ng'ambo. Ukisoma ripoti zake, shirika liko na vituo vinne, nchi mbili na kisiwa kimoja. Marafiki wake ni kanisa fulani huko Ulaya kwa baridi. Hii mwaka walimtuma mzee wao, Mzee Henrik, aje aone kwa macho vile shirika lilianza na vile limekua, maana linatimiza miaka saba na wanataka kutoa kitabu kidogo. Mimi nilichukuliwa niwe mwandishi wa historia. "Umefika Form Four," Bishop aliniambia, "na mwandiko yako haiumizi macho."

Nilikubali kwa sababu moja tu. Kituo cha mwisho ni kisiwa cha Takawiri, na mmisionari wa Takawiri ni mama yangu. Mwezi moja kabla ya safari alinipigia simu akasema, "Achieng', nimechoka kupanda sukuma wiki kwa mchanga ya watu. Nataka kupanda mahindi kwa shamba yangu mvua ikija. Muulize Bishop nyumba imefika wapi."

Hapo kwa nyumba lazima niwaeleze, hasa nyinyi wa Machakos na Nyeri, juu najua mtasema si aje tu alale kwa chumba yako. Hapana. Kwetu Wajaluo mzazi halali kwa nyumba ya mtoto wake. Wala halali kwa shemeji iko na bibi yake. Nyumba ya Mama iliangushwa na mvua nikiwa Form One, mwaka moja baada ya kumzika baba. Na nyumba ya mjane haijengwi na fundi yeyote ati kwa sababu ana nyundo. Ndugu ya marehemu ndiye anaweka nguzo ya kwanza. Ndugu amebaki mmoja, Bishop.

Wazee walipomwambia aweke nguzo, alisema yeye ameokoka, hawezi kufanya mila, kwa sababu kwa mila anayeweka nguzo ndiye anamrithi mjane. Sawa. Wamama wa kanisa wakasema basi tuweke sisi, tuimbe, tumalize. Akasema haiwezekani, mila hairuhusu mtu mwingine aguse. Mnaona hapo? Akiwa na wazee yeye ni Mkristo. Akiwa na Wakristo yeye ni Mjaluo. Nyumba ikabaki mawe matatu ya kupikia na nyasi, na mimi nikiwa boarding nikaambiwa Mama ameitwa na Mungu kwa kazi ya umisheni. Nilijivunia sana. Nilisimama hata mbele ya darasa nikasema.

Mzee Henrik yeye alikuwa tayari tangu saa kumi na mbili. Ni mrefu, mzee wa miaka sabini na kitu, na Kiswahili chake kinatuaibisha wote, maana alikaa Iringa akiwa kijana. Shida ni kwamba anaamkia watu kama Iringa. Siku aliyofika alimwambia nyanya wa jirani, "Shikamoo, bibi." Nyanya anajua Dholuo peke yake. Alifikiri mzungu anaomba kitu, akaingia ndani akamletea kiazi tamu. Mzee Henrik akaipokea na mikono miwili. Toka hapo akawa anasema watu wa Migori ni wakarimu ajabu, na kila asubuhi anamwamkia, na kila asubuhi anapewa kiazi.

ISEBANIA, NA NG'AMBO YA BARABARA

Tulipotoka mwishowe, kwa gari Bishop alitupa historia. "Nilikuwa juu ya kilima," alisema, mkono mmoja kwa usukani, "wiki ile ya mvua kubwa. Nikasikia sauti inaniambia: Vuka."

Nikaandika: Vuka.

"Kilima kipi, Baba Askofu?" Mzee Henrik akauliza.

Bishop akaonyesha na kidole, gari ikafuata kidole, lori ya mbele ikapiga honi mpaka nikasahau herufi.

Kituo cha kwanza kwa ripoti kinaitwa Kituo cha Tanzania. Mimi nilikuwa nategemea safari. Lakini unatoka Isebania, unapita wale vijana wa kubadilisha pesa, unavuka, uko Sirare. Ukisahau mwavuli unarudi kuchukua.

Bishop alishikwa na mtu wa kumsalimia, kwa hivyo mimi na Mzee Henrik tulifika kituo bila yeye. Ni stoo ya mahindi. Mwenyewe ni Mama Robhi, mama Mkuria anauza nafaka. Alifuta mikono akatuangalia.

"Nyinyi ni watu wa yule mjane?"

"Mjane gani?" nikauliza.

"Yule Mjaluo alikaa hapa. Mchungaji wenu alikuja anauliza kama nina chumba, shemeji yake nyumba imeanguka, hana pa kumweka. Nikamwambia chumba sina, nina stoo. Akakaa miezi mitano. Mtu mzuri sana. Alitufundisha wanawake kusoma, jioni jioni, tukikoboa. Mimi hii Biblia nasoma ni yeye."

"Na kwa nini aliondoka?" Mzee Henrik akauliza.

"Mahindi yaliiva, baba. Ningeyaweka wapi?"

Nilifungua ripoti ya mwaka ule, ambayo Bishop alinipa ninakili. Ilisema: Kituo cha Tanzania kilipata mavuno mengi hata ikabidi mmisionari wetu asonge mbele.

Mama Robhi alitupa ugali wa wimbi na maziwa lala kwa kibuyu. Bishop alifika wakati wa kula. Aliona Mama Robhi ananiangalia uso, akaona mimi namwangalia yeye, akasema tuombe haraka barabara ni mbali. Miaka hiyo yote nilikuwa naombea kituo cha Tanzania kila usiku bwenini. Nilikuwa naombea stoo.

HOMA BAY, NGOME

Kabla ya Rongo tairi ilitoboka. Bishop aliiwekea mkono akaiombea. Mzee Henrik alivua koti, akatoa jeki, akabadilisha. Bishop akamshukuru Mungu kwa jibu la haraka.

Kituo cha Homa Bay nilikuwa nakijua kwa jina. Ripoti ilisema kimefunguliwa "katikati ya ngome ya Uislamu". Tulikikuta katikati ya duka ya vifaa vya ujenzi, na mwenye duka ni Mzee Salim, mtu wa Lamu, ameishi Homa Bay miaka mingi mpaka anaongea Dholuo kama sisi. Alisimama akamwambia Mzee Henrik, "Shikamoo, mzee wangu."

Mzee Henrik akasema, "Marahaba," akamshika mkono hakuuachilia. Nafikiri alikuwa amekaa siku nne akingoja mtu amwambie hiyo kitu.

Bango la misheni lilikuwepo. Lilikuwa juu ya mifuko ya simiti kwa sababu paa inavuja. "Nimelitunza," Mzee Salim alisema. "Halijapata kutu hata chembe. Simiti nayo iko salama."

Tulikaa kwa viti ya plastiki tukaletewa chai na mahamri. Bishop alianza kueleza vile alivyopambana na ile ngome. Mzee Salim alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaangalia makopo yake ya rangi, akaangalia misumari.

"Ngome ni hapa?" akauliza.

"Kiroho," Bishop akasema.

"Alaa. Maana mimi nakumbuka ulikuja na shemeji yako na mkoba mmoja, ukaniambia, Mzee Salim, nisitiri, nyumba imeanguka. Mtu akikwambia nisitiri, utafanyaje? Nikampa chumba cha nyuma. Akakaa mwaka. Yeye akisali kwake, mimi nikisali kwangu, na Ramadhani alikuwa akinipikia uji wa kufungulia. Ungenambia ni vita ningejiandaa."

Bishop akaomba kuonyeshwa choo.

"Kwa nini aliondoka?" Mzee Henrik akauliza, na sasa alikuwa ametoa daftari yake mwenyewe.

"Mwanangu alioa. Akahitaji chumba. Nilimwambia mchungaji, nipe mwezi mmoja nimtafutie mahali pengine, lakini akasema la, tayari Mungu amesema Lambwe."

Nilisoma ripoti. Kazi ya Homa Bay imekua na kufungua Lambwe. Hapo nikaelewa vile hiyo shirika inakua. Kila mahali Mama anapofukuzwa na mahindi au harusi, misheni inapata kituo mpya.

LAMBWE, NA VITAMBAA VYA BULUU

Asubuhi Bishop alisema hakuna haja ya Lambwe, barabara imeharibika, twende Mbita moja kwa moja. Mzee Henrik akasema yeye anapenda barabara zilizoharibika, zinamkumbusha ujana wake. Bishop akaendesha polepole kama mtu anapeleka maiti.

Karibu na mbuga kuna vitambaa vya buluu na nyeusi vimetundikwa kwa vijiti, vingi, kila baada ya umbali kidogo. Mzee Henrik akauliza ni nini. Bishop alikuwa hajaongea tangu chai, na nafikiri aliona nafasi ya kurudi kwa mchezo.

"Ni alama zetu za maombi," akasema. "Tumezunguka bonde yote."

Mzee Henrik akaangalia kitambaa moja mpaka ikapita. "Iringa tulikuwa na kama hizo," akasema kwa upole. "Zilikuwa mitego ya mbung'o."

Mbung'o mmoja aliingia kwa dirisha akamuuma Bishop shingo, na mimi nikaandika.

Kituo cha Lambwe ni jikoni ya shule ya msingi. Mpishi wa shule, baba mmoja mnene anaitwa Ouko, alitupa githeri ya watoto, mahindi na maharagwe, kwa sahani ya bati na kutuonyesha. "Alilala pale, kando ya jiko. Aliondoka wakati walirudisha chakula cha shule, jikoni ikahitajika. Bishop alituambia ni ya muda tu, mpaka nyumba ya kwao ijengwe." Akanigeukia. "Kwani bado haijajengwa?"

Bishop alisema kuna mtu anampigia simu. Simu yake ilikuwa kwa gari.

Mzee Henrik alingoja mpaka Ouko arudi kwa sufuria. "Achieng'," akasema, "mjane huyu ni nani?"

"Ni mama yangu."

Aliweka sahani chini. Hakuwa anajua. Kwa ripoti Mama anaandikwa "mmisionari wetu", kila kituo mmisionari wetu, na huko Ulaya walikuwa wanafikiri ni watu wanne. Walikuwa wanawaombea wote wanne kwa zamu.

Basi nikamwambia. Nilimwambia nguzo, wazee, wamama wa kanisa, mawe matatu, kila kitu, haraka haraka, na githeri ikapoa. Nilitaka akasirike. Nilitaka aende pale kwa gari ampigie Bishop kelele kwa Kiswahili sanifu. Badala yake aliuliza swali moja.

"Na mama yako mwenyewe, anataka iweje?"

"Anataka nyumba. Si nimekuambia."

"Umeniambia wewe. Tumwulize yeye."

Mnajua vile mimi huchukia kuambiwa ningoje. Nililia kidogo nyuma ya jikoni, nikasema ni moshi, na huko nyuma hakukuwa na moto.

MBITA MPAKA TAKAWIRI

Boti ya Mbita haiondoki kwa saa, inaondoka ikijaa. Tulingoja soda zipakiwe, kisha godoro, kisha mbuzi ambaye hakutaka, kisha mwenye mbuzi ambaye alikuwa ameenda kula. Bishop alivaa jaketi ya kuokoa maisha juu ya suti, akavua viatu akavifunga kwa karatasi ya nailoni na kuvipakata kama mtoto. Mbuzi alisimama karibu naye safari yote akiangalia hizo viatu.

Mama alikuwa ufuoni na wamama wengine wanaanika omena, wale samaki wadogo, kwa nyavu. Amekuwa mweusi, na amepungua. Mimi nilitaka kukimbia lakini aliniangalia vile hunitazama nikifanya haraka, nikatembea. Alinishika mkono, akaushikilia, huku mkono ule mwingine bado unatawanya omena.

"Umekuwa mwembamba," akasema. Yeye.

"Nyar Kabondo, bwana asifiwe," Bishop akasema. Ndivyo huitwa kwetu, msichana wa Kabondo.

"Asifiwe, shemeji. Viatu yako imefika salama?"

Wamama walicheka ndani ya nguo zao. Hapo ufuoni wanamwita Mama Misheni, na si kwa mzaha. Kwa miaka karibu tano amekuwa akiwasomea barua zao, akizika watoto wao, na wawili wa wale wamama sasa wanahubiri Jumapili wenyewe kwa sababu Mama alisema koo yake ya kuhubiri si ya kijiji nzima. Mzee Henrik aliuliza mmoja, anaitwa Pamela, kanisa liko wapi. Pamela alimwonyesha nyavu. "Tukimaliza kuanika tunaomba. Mvua ikija tunaanua kwanza." Mzee Henrik akaandika muda mrefu.

Chakula ilikuwa samaki ngege wa mchuzi na ugali, kwa chumba ambayo Mama amepewa na chama cha wavuvi, mlango haifungi vizuri. Nilikuwa nimepanga hotuba. Niliifanyia mazoezi tangu Lambwe, ilikuwa na pointi, na mwisho wake Bishop anatubu. Mzee Henrik alinawa mikono akamgeukia Mama.

"Mama, wewe umeishi vituo vyote. Shirika limepungukiwa na nini?"

Nikafungua mdomo.

"Achieng'," Mama akasema, "ongezea mzee samaki."

Nikafunga mdomo nikaongeza samaki. Mama akatoa mfupa mmoja kwa kidole.

"Mzee, vituo tuko navyo. Kwa Mama Robhi, kwa Mzee Salim, kwa jikoni ya shule, na hapa kwa wavuvi. Vyote ni vya kuomba. Shirika haina kwao."

"Makao makuu yako wapi, Baba Askofu?" Mzee Henrik akauliza, kama mtu hajawahi kufikiria hiyo kitu.

Bishop alikuwa na tonge kwa mkono. "Kwa sasa," akasema, "yako kwa gari."

"Kitu hujengewa pale ilipoanzia," Mama akasema. "Ama namna gani, shemeji?"

"Ilianzia kilimani."

"Kilimani ulisikia sauti. Lakini ulikuwa umetoka wapi, ukapanda kilima kwa mvua?"

Tonge ilirudi kwa sahani. Sisi wote tulijua alikuwa ametoka wapi. Alikuwa ametoka kuangalia nyumba ya Mama ikiwa chini.

"Mawe matatu bado yako," Mama akaendelea, sauti ile ile ya kuuliza bei ya chumvi. "Makao makuu iwekwe hapo. Chumba cha ofisi mbele, na nyuma chumba cha mmisionari aliyechoka, akae aangalie vitu zisiibiwe."

"Mmisionari aliyechoka ni nani?" Bishop akauliza.

Mama akanyonya kichwa ya samaki. "Tutaomba, Mungu atatuonyesha."

Mzee Henrik alisema ni wazo zuri sana, na kwamba kanisa lake litatoa mabati na mbao bila kuchelewa, lakini kuna jambo dogo. "Kwetu, makao makuu yakijengwa, nguzo ya kwanza huwekwa na mwanzilishi mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya watu. Kisha anapigwa picha. Bila picha hiyo kitabu hakiwezi kutoka."

Bishop aliangalia mlango ambao haifungi. Kisha akainama akamwambia Mama kwa Dholuo, polepole, "Nyar Kabondo, unanifanyia nini?"

"Mimi nimefanya nini? Ni kazi inakua."

Kwa boti ya kurudi nilimuuliza Mzee Henrik kama kweli kwao ndivyo hufanywa na nguzo.

"Kuanzia sasa, ndiyo," akasema.

NYUMBANI

Mama alikaa Takawiri siku nane zaidi akikabidhi. Kukabidhi ni kumpa Pamela miwani yake ya kusomea na kumwambia asiogope kitabu cha Hesabu kwa Biblia. Bango la misheni hawakulitaka.

Siku ya nguzo watu walijaa kuliko matanga. Wazee walikuja kwa ajili ya mila, wamama wa kanisa walikuja kwa ajili ya misheni, na wote walikuja kuona uso ya Bishop. Alivaa joho na msalaba. Shimo lilikuwa limechimbwa pale kati ya mawe matatu. Mama Bishop, bibi yake, alisimama kando amekunja mikono, na nawaambia huyo peke yake ndiye nilimhurumia hiyo siku, kwa sababu hakuna mtu alikuwa amemuuliza chochote kwa miaka saba.

Bishop alihubiri. Alihubiri kilima, sauti, Tanzania, ngome. Jua likapanda. Alikuwa anangoja mvua, nafikiri, au kiyama. Mwishowe Mzee Henrik akainua simu yake ya kupiga picha na kuiweka hivyo, bila kuishusha, mpaka ile mikono ya Bishop ikashika nguzo. Ndiyo hiyo picha mmeona.

Ikaingia shimoni. Wamama wakapiga vigelegele. Mzee Okelo, ambaye ndiye mkubwa kwa ukoo wetu, akasogea na fimbo yake.

"Kwa hivyo umejengea mjane wa ndugu yako."

"Ni makao makuu, mzee," Bishop akasema. "Ya shirika."

"Ndiyo. Na makao makuu itakupikia nini jioni?"

Watu walianguka kucheka. Hata kwaya. Mama Bishop alikunjua mikono, akaikunja tena. Mama yangu akangoja kicheko kiishe, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa barabara, "Mzee Okelo, nguzo moja imetosha. Mimi sikuomba mtu, niliomba nyumba." Kisha akamwendea Mama Bishop, akamshika mkono, wakaenda pamoja kuangalia uji kama imeiva. Mzee Okelo alitikisa kichwa akarudi kwa kivuli, kwa sababu nguzo ilikuwa imewekwa na mtu ambaye alitakiwa kuiweka, na mengine ni kati ya Mama, Bishop na Mungu.

Kwa siku nne mabati ilikuwa juu. Mzee Henrik alisafiri na picha, na viazi vitamu vya yule nyanya jirani vimefungwa kwa gazeti. Mbele kumeandikwa MISHENI YA MIPAKA YOTE, MAKAO MAKUU, herufi kubwa za buluu. Mama ametundika ungo yake kwa msumari ya bango, kwa hivyo ukitoka upande wa barabara unasoma MISHENI YA MIPA na ungo. Mahindi imeota.

Barua za Ulaya sasa zinakuja kwa anwani ya makao makuu, na Bishop lazima azifuate mwenyewe. Jana alikuja. Mimi na Mama tulikuwa ndani, tumemaliza tu kupaka sakafu udongo na mavi ya ng'ombe, bado mbichi.

"Hodi," akasema nje.

Mama hakuinuka. "Karibu, shemeji. Barua iko hapa kwa meza." Halafu akaangalia chini kwa mlango, zile viatu nyeusi zinang'aa.

"Lakini vua."